Kazi zetu za kufuma ziandikwe kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme jambo moja kuhusu kazi za kufuma kwa mkono, yaani vitambaa vya makochi, matandiko ya vitanda, kofia na soksi za watoto zinazofumwa katika nyumba nyingi za huku kwetu kusini. Nimekuwa nalo moyoni tangu gazeti lako lilipochapa picha ya vitambaa vilivyotandazwa juu ya meza, na chini yake yakaandikwa maneno kwamba hiyo ni njia nzuri ya akina mama kupitishia muda. Sina ugomvi na mwandishi wa maneno hayo. Ila mimi si mama. Ni mzee wa kiume wa miaka 67, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na nafuma karibu kila siku baada ya sala ya alasiri hapa Mikindani. Ninachotaka kusema ni kwamba kazi hizi hazijaandikwa kwa lugha yetu, na kwa kuwa hazijaandikwa, mtu akifariki kazi ikiwa mkononi, kazi hiyo huzikwa pamoja naye.

Dada yangu mkubwa alifariki dunia akiwa katikati ya tandiko la kitanda. Baada ya arobaini yake tulifungua sanduku lake la bati, tukakuta maua 117 ya uzi mweupe wa pamba, yamefungwa kumi kumi kwa vipande vya kanga kuukuu, mafungu kumi na moja na maua saba yaliyobaki, na juu ya yote ua moja ambalo lilikuwa halijaisha, sindano ya kulabu ikiwa bado imenasa katika jicho, yaani kitanzi cha uzi, la mwisho alilolifuma. Sindano ile ilikuwa ya chuma, na hewa ya chumvi ya huku pwani ilikwisha kuifanya kazi yake. Kutu ilikuwa imeshika uzi. Tulitafuta karatasi ya maelezo hatukuiona. Binti zake wawili wanajua kufuma, lakini ua lile hawakulijua. Kila mmoja alisema alimwona mama akilifuma, wala hakuwahi kumwuliza linafumwaje. Mmoja wao alishauri tugawane maua, kila nyumba ichukue machache ya kufunikia glasi. Niliomba nipewe sanduku zima, na waliokuwapo walicheka, kwa kuwa hakuna aliyepata kuniona na uzi mweupe mkononi.

Sikuomba kwa kubahatisha. Baba yetu alikuwa mvuvi, na kabla sijajua kuandika jina langu nilikuwa nimekwisha kujua kufuma wavu kwa sindano ya mbao iliyojazwa uzi na kibao kidogo cha kupimia jicho, ili macho yote yawe sawa. Nyavu za utotoni mwangu bado zilikuwa za uzi wa pamba, nazo zilichemshwa kwa magome ya mkandaa ili maji ya bahari yasizioze upesi, kabla ya nailoni kuenea na kuiondoa kazi ile katika baraza zetu. Fundi wa nyavu hahitaji karatasi ili kuusoma wavu. Anaupitisha vidoleni, anahesabu macho, anaona pale fundi mwenzake alipoongeza na pale alipopunguza, na kwa hesabu hiyo anaweza kuziba tundu lililoraruliwa na papa bila ya kumtafuta aliyeufuma. Nilijiambia kwamba ua la dada nalo ni aina ya wavu, na kwamba macho yake yanahesabika.

Nilichagua ua moja kati ya yale 117, nikalifumua. Lilinisikitisha kulifumua, lakini nilijua kwamba nikiweza nitalirudisha. Nusu saa nzima nilitafuta ncha ya uzi, maana dada alikuwa ameificha kwa sindano ya kushonea, akiipitisha ndani ya macho kwenda na kurudi hata isionekane upande wowote. Nilipoipata nikaanza kuvuta jicho moja moja, na kila nililolivuta nikaliandika katika daftari, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Mzunguko wa nane ukatoka, wa saba ukafuata, hata nikafika katikati na kukuta minyororo minane iliyounganishwa kuwa pete, na ndani ya pete hiyo nguzo ndefu 24, yaani macho marefu, zilizosimama kama mihimili ya paa la msonge. Kisha nililisoma daftari langu kinyume, nikafuma ua kutoka pete hadi ukingoni kwa uzi uleule. Lilitoka dogo, gumu kama kifuniko cha chupa.

Kosa la kwanza lilikuwa la mkono wangu. Mtu aliyezoea kukaza fundo la wavu huvuta uzi kwa nguvu, na ufumaji wa kulabu hautaki nguvu hiyo. Sindano ya dada ilikuwa ya milimita 1.75, namba yake imechorwa shinani. Ilinibidi ninunue ya milimita 2 ili macho yangu yaliyokazwa yalingane na macho yake laini. Kosa la pili lilinichelewesha zaidi. Ili ua la duara liwe mraba na liweze kuunganishwa na mengine, mzunguko wa mwisho huwa na pembe nne, na katika kila pembe hufumwa mnyororo mtupu wa kuzungukia kona. Katika daftari langu niliona kwamba dada alifuma minyororo sita kwenye pembe tatu, na kwenye ya nne, pale alipoungia, nikahesabu mitano. Kwa mazoea ya ualimu niliona kwamba sita ni kosa na tano ndiyo sahihi, nikasahihisha pembe zote ziwe tano tano. Maua yangu kumi ya kwanza yote yalijikunja pembeni kama vikombe. Ndipo nilipolitazama upya ua lingine la dada kwa miwani, nikagundua kwamba jicho la sita la pembe ya nne lilikuwapo, limejificha chini ya kiungo. Mwalimu ndiye aliyehesabu vibaya. Nilifumua yote kumi.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Tandiko lilihitaji maua 221, yaani safu 13 kwa 17, na kila ua lina upana wa sentimita 14, kwa hiyo likikamilika huwa na sentimita 182 kwa 238 na hufunika kitanda cha futi tano kwa sita pamoja na mito. Tatizo lililobaki lilikuwa rangi. Uzi mweupe unaouzwa leo si mweupe wa uzi wa miaka minne iliyopita, kwanza kwa sababu pamba huingia umanjano ikikaa, na pili kwa sababu kila chungu cha rangi kiwandani hutoka tofauti kidogo na kingine, ndiyo maana kwenye karatasi ya donge la uzi huwapo namba mbili, moja ya rangi na nyingine ya chungu chenyewe. Anayeanza kazi kubwa anunue madonge yote siku moja na ahakikishe namba ya pili inafanana. Mimi sikuwa na nafasi ya kuchagua. Niliyaweka maua 117 ya dada katikati, safu 9 kwa 13, ambayo kwa bahati ni hesabu kamili, nikayazungushia yangu safu mbili kila upande, na sasa tandiko linaonekana kana kwamba lilikusudiwa kuwa na kisiwa cha rangi ya maziwa katikati ya weupe. Lilikamilika mwishoni mwa msimu wa kusi.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu yote hayo, ile nusu saa ya kutafuta ncha, yale maua kumi yaliyofumuliwa, yangeepukwa kwa kipande cha karatasi chenye mistari minane.

Huenda mtu akauliza kwa nini tusitumie maelezo yaliyokwisha kuandikwa na wengine, maana intaneti imejaa michoro ya kila namna. Nami nilifikiri hivyo. Nilipomaliza tandiko, kijana wangu alinichapishia kurasa tatu za Kiingereza za gauni la mtoto wa miaka miwili, nikalifuma kwa ajili ya mjukuu. Kiingereza ninakisoma vizuri. Nilifuata kila neno, na gauni lilipokamilika likamtosha mtoto wa miezi sita wa jirani. Nililitazama juma zima nisione kosa lilipo, hadi mama mmoja wa Ligula aliyepata kufanya kazi na wageni aliponieleza kwamba Waingereza na Wamarekani hutumia majina yaleyale kwa macho yasiyofanana. Jicho fupi ambalo Mwingereza huliita maradufu, Mmarekani huliita moja. Na jicho refu ambalo Mmarekani huliita maradufu, Mwingereza huliita la mara tatu. Kurasa zangu zilikuwa za Kimarekani. Mimi majina niliyapata kwa dada, naye aliyapata alipokuwa masomoni upande wa Masasi, ambako misheni ya Waingereza ilianza mwaka 1876, kwa hiyo kila palipoandikwa maradufu nilifuma jicho fupi la Kiingereza badala ya refu la Kimarekani, na gauni likapungua urefu katika kila mstari. Ugomvi wa majina wa mataifa mawili yaliyo ng'ambo ya bahari umemkosesha mtoto wa Mikindani nguo ya sikukuu.

Na sisi wenyewe je? Jumamosi huketi barazani kwetu wafumaji saba, sita kati yao akina mama, na sijapata kusikia macho yakiitwa kwa jina moja na watu wote. Kile ninachokiita nguzo ndefu, mmoja hukiita mti, mwingine kijiti, na yule wa kutoka Lindi mjini hukiita trebo, neno alilolichukua kwa mwalimu wake likiwa Kiingereza akalivika nguo ya Kiswahili. Hata kitenzi chenyewe kina mizigo mingi. Kwa sindano mbili ndefu tunafuma, kwa sindano moja ya kulabu, ambayo wengi sasa huiita krosheti, tunafuma, kwa kitanda cha mfumi wa nguo tunafuma, na wavu nao tunaufuma. Utajiri wa neno hili ni mkubwa kuliko tunavyodhani: kufumua kumetokana nalo, na mfumo pia, hata viongozi wanapotuhutubia kuhusu mfumo wa elimu au mfumo wa kodi wanatumia, bila kujua, neno la watu wa uzi. Lakini lugha iliyotoa mfumo kwa ajili ya serikali nzima haijatoa jina moja linalokubalika kwa jicho lililo refu kuliko jicho fupi.

Sidai kwamba Baraza la Kiswahili la Taifa liitishe kikao kwa ajili ya vitambaa vya makochi, ingawa nisingekataa. Istilahi za namna hii huanza kwa watumiaji. Wajapani wamepata njia ambayo naipenda: wao huuchora ufumaji kwa alama, duaradufu dogo kwa mnyororo, msalaba kwa jicho fupi, nguzo yenye kikato kwa jicho refu, na mchoro wote hupangwa kwa umbo la kitambaa chenyewe, hata mtu asiyejua neno moja la Kijapani anaweza kuufuata. Sisi tunaweza kuzichukua alama hizo na kuziandikia pembeni majina yetu. Barazani kwetu tumekubaliana, baada ya mabishano ya Jumamosi tatu, tuseme mnyororo, nguzo fupi, nguzo ya kati na nguzo ndefu, na ile ya kuungia tuiite kiungo. Yule wa Lindi mjini alikubali kwa sharti kwamba akiwa kwake ataendelea kusema trebo.

Kwa kuwa tumepata majina, tumeanza kuandika kila kazi iliyo mkononi katika daftari moja kubwa, na hapa ndipo napenda wasomaji wako waone kwamba ufumaji wa huku kwetu si vitambaa vya meza peke yake. Kazi inayokwenda kwa wingi sasa ni kofia na soksi za watoto wachanga. Wauguzi husisitiza kwamba mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati, avikwe kofia na soksi, kwa kuwa kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili na hupoteza joto jingi. Na wengi hudhani kwamba Mtwara, kwa jua lake, haina haja hiyo, wakati mtoto wa kilo mbili hupata baridi hata mahali ambapo sisi tunajipepea. Hapo daftari limetusaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu tumeandika humo makosa pia. Tumeandika kwamba soksi ya mtoto isiachwe nyuzi zinazoning'inia kwa ndani, kwani uzi unaweza kuzunguka kidole na kukikaza bila mtu kujua kwa nini mtoto analia. Kwamba blanketi la mtoto lisiwe na matundu yanayoingiza kidole. Na kwamba uzi wa akriliki, ambao ni rahisi na una rangi za kupendeza, ni jamii ya plastiki na haunyonyi jasho, kwa hiyo kofia za huku joto tunazifuma kwa pamba, na ya akriliki au sufu tunaiweka kwa wateja wa Newala, ambako mwezi Juni na Julai ukungu wa asubuhi humfanya mtu atafute sweta.

Lipo pia begi la sokoni ambalo nalifuma mwenyewe kwa macho ya mraba kama ya wavu, aina ambayo Wafaransa huiita filet, na neno hilo kwao maana yake ni wavu hasa. Uzi wake niliuchemsha kwa mabaki ya magome ya mkandaa niliyoyapata kwa fundi wa mashua, kama alivyofanya baba, na umetoka na rangi ya matofali ambayo sijaiona dukani. Soksi za sindano nne nilizoanza kwa spoku za baiskeli zimekwama kisiginoni tangu mwezi wa Februari, na sitasema zaidi juu yake.

Wenzangu wana yao. Mama wawili kati yetu husimama kabisa msimu wa korosho, kwa sababu wanabangua nyumbani, na mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi ya vidole na kuacha weusi usiotoka, hata uzi mweupe hauwezi kuguswa kwa majuma kadhaa. Kazi zao katika daftari zina mapengo ya miezi, na tukilitazama tunajua bila kuuliza ni lini mnada ulikuwa unaendelea. Mwingine ndiye mtaalamu wetu wa kukazisha vitambaa. Hapo zamani tulitumia maji ya sukari, kitambaa kikakauka na kusimama vizuri, na usiku sisimizi wakaja kwa safu kukila. Yeye anatumia wanga wa muhogo, ambao kwetu haununuliwi, unakamuliwa: muhogo unakunwa, unachujwa kwa kitambaa, maji yanaachwa yatulie, na ule weupe unaozama chini unakorogwa kwa maji ya moto hadi uwe uji mwepesi unaoteleza. Kitambaa kinachovywa, kinaminywa bila kukamuliwa, kinatandazwa juu ya godoro lililofunikwa shuka na kubanwa kwa pini kila ncha ya ua, halafu kinaachwa kivulini. Vipimo vyake alikuwa navyo kichwani tu. Sasa vimo katika ukurasa wa kumi na nne.

Nisipozungumzia kusokota nitakuwa nimeruka jambo linalonikera kuliko yote. Miaka ya 1960, mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba magofu ya Kilwa Kisiwani, alipata vigae vya vyungu vilivyochongwa kuwa duara na kutobolewa katikati, ambavyo wataalamu wanavitambua kuwa ni vya kusokotea uzi: kijiti hupitishwa tunduni, kigae hukipa uzito, kijiti kikizungushwa pamba hujisokota na kuwa uzi. Wareno walioingia Kilwa mwaka 1505 waliandika kwamba pamba ilistawi kisiwani. Kwa hiyo watu wa mkoa wa Lindi wa leo walikuwa na pamba yao na walijua kuisokota mamia ya miaka kabla Mjerumani hajawalazimisha kuilima kwa ajili ya viwanda vyake, jambo lililowafanya Wamatumbi kuing'oa kule Nandete mwezi Julai mwaka 1905 na kuwasha Vita vya Maji Maji. Vigae tunavyo, na yapo magofu ambayo UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia mwaka 1981. Lakini uzi wao ulikuwa mnene kiasi gani, walisokota kwa kulia au kwa kushoto, walichanganya na nini, hakuna aliyeandika, na sasa hakuna pa kuuliza.

Nilijaribu mwenyewe. Nilichonga kigae cha mtungi uliovunjika, nikakisugua juu ya jiwe hadi kikawa duara, nikakichomeka kijiti cha mwanzi. Pamba ya kupanda uani hatuwezi kuwa nayo, kwa kuwa kwa miaka mingi kilimo cha pamba kimezuiwa katika mikoa yetu ya kusini ili funza mwekundu asipate njia ya kupanda kwenda kwenye mashamba ya kanda ya ziwa. Sheria yenyewe naiona ni ya haki, ila inachekesha kidogo kwamba nchi ya vigae vya Kilwa haina pamba. Nilianza na sufi ya msufi ulio nyuma ya nyumba. Sufi ni laini kupita kiasi. Nyuzi zake ni fupi na zinateleza, hazishikani, na kila nilipozungusha kijiti zilikatika na kupeperuka hadi mke wangu akanifukuza barazani kwa kukohoa. Pamba ya duka la dawa ilishika lakini ilitoa uzi wenye mabonge. Mwishoni mpwa wangu aliniletea kutoka Shinyanga mfuko wa pamba iliyokwisha kuchambuliwa, na kwa hiyo nimeweza. Siri iliyonichukua majuma mawili ni kwamba mkono wa kushoto huvuta pamba kidogo kidogo wakati kijiti bado kinazunguka, wala hausubiri kisimame, na urefu unaovutwa kwa mara moja usizidi urefu wa unywele mmoja wa pamba, ambao ni kama upana wa vidole viwili. Hadi leo nina uzi wa kutosha nusu ya kofia. Nayo imo katika daftari, pamoja na uzito wa kigae.

Ninaloliomba gazeti lako, basi, ni nafasi ndogo mara moja kwa mwezi, robo ya ukurasa ingetosha, ya kuchapa maelezo ya kazi moja kwa Kiswahili. Yawe na mchoro wa alama, majina ya macho, aina ya uzi, namba ya sindano kwa milimita, na idadi ya macho na mistari katika kipande cha sentimita 10 kwa 10 kilichofuliwa na kukaushwa kabla ya kupimwa, kwa kuwa pamba hurudi ikifuliwa. Yaandikwe pia masaa yaliyotumika. Maua 103 niliyofuma mwenyewe, kwa dakika 45 kila moja nilipokwisha kuzoea, ni saa 77 na robo, bila kuhesabu kuunganisha; mteja mmoja aliyekuja kulitazama tandiko aliniuliza uzi ulinigharimu kiasi gani, akaniongezea kidogo juu yake, akaona amenitendea wema. Tandiko lile si la kuuza, lakini yapo mengine yanayouzwa kwa hesabu hiyohiyo, na mfumaji asiye na masaa yake katika karatasi hana cha kumjibu mteja. Wasomaji wengine nao walete yao, wa Tanga, wa Unguja, wa Bukoba, na kama wanaiita nguzo ndefu kwa jina zuri kuliko letu, waliandike tulijue.

Ili nisionekane ninaomba bila kutoa, nimeambatisha ua la dada yangu: mchoro wa mizunguko yake minane, maelezo kwa Kiswahili, na picha. Wasomaji makini wataona kwamba 117 na 103 hazifiki 221. Ua lililosalia ni lile lililokutwa na sindano. Mizunguko minne na nusu ni ya mkono wake, iliyobaki ni ya kwangu, na nimeliweka kwenye safu ya tatu kutoka juu, mahali pa mto. Katika picha utaona lina alama nyekundu ndogo kwenye mzunguko wa tano. Barazani walinishauri niiondoe kwa ndimu na chumvi, nikakataa. Hiyo ni kutu ya sindano yake, si sehemu ya ua. Mchoraji wako asiichore.

Msomaji wako,
Mwalimu mstaafu, Mikindani, Mtwara